Chipukizi Chini ya Nailoni

Jumapili, 3 Agosti

Ukungu wa bahari tena. Miembe ya Kent imechanua, maua yote yameota unga mweupe wa ugonjwa. Keitt haijali baridi, ila haikui. Dodo ndiyo inayokua. Basi nimeamua: shina la chini liwe dodo, juu nibebeshe, yaani niunganishie, kikonyo cha aina nitakayo. Wifi kacheka, eti naongea na miembe kuliko na kaka yake.

Kikonyo cha mwembe wa marehemu baba mkwe kimeshika juu ya dodo! Kina majani mawili. Mti wenyewe ulishakatwa, kiwanja kikauzwa. Mama mkwe hukiita Mzee. Kila asubuhi: Mzee kaamkaje?

Jumatano, 6 Agosti

Nimefanya nini mimi.

Niliona machipukizi mawili juu ya gunia nililozungushia kukinga upepo. Moja nene, moja dhaifu. Nikajua dhaifu ni la dodo, linanyonya bure. Nikakata. Gunia sikufungua — mimi, ninayefundisha majirani! Nilipofungua, lile nene linatoka chini ya nailoni niliyofungia kiungo, chini ya kiungo chenyewe. Dodo tupu. Nililokata ndilo Mzee.

Nimelibebesha tena. Majuto ni mjukuu, wangu kaja mapema.

Alhamisi, 7 Agosti

Mzee kaamkaje? Salama, mama. Ulimi ulinitangulia. Naona aibu hata kunywa naye chai.

Jumatano, 13 Agosti

Kikonyo kimekuwa cheusi. Basi.

Dodo imetoa majani mapya, mekundu, mazuri. Mama mkwe kayashika kama mashavu ya mtoto, akidhani ni ya Mzee. Wifi kawaita shangazi zake waje Jumapili waone.  Hata mume wangu sijamwambia.

Jumapili, 17 Agosti

Shangazi wako sebuleni na wifi. Mama mkwe alinivuta bustanini kwanza. Akachuma jani moja, akalifikicha, akanusa. Akanusa tena.

"Harufu imekuwa nyingine," alisema, polepole, wasisikie wa ndani. "Labda ni baridi ya huku, eh mwanangu? Wewe ndiye unayejua miembe."

Kanifungulia mlango nipite na uongo wangu. Nikasema nanawa mikono, narudi.

Naandika haya jikoni, bomba liko wazi ili wasikie maji. Dirishani namwona. Kasimama pale pale na kopo lake la maji, hajamwagilia. Wifi anauliza ndani, mbona hatuitwi —