Maulizo ya Mudaka

Liège, 4 Machi 2025

Papa mupenzi,

Nakusalimia wewe na maman Virginie. Mugongo wako uko namna gani? Mimi niko, baridi tu inanichosha.

Professeur wangu anataka kupima kama watu wa kwetu wanajiona kila mutu kivyake, ao kama sehemu ya jamaa. Nimekutumia karatasi za maulizo. Kila sentensi inajibiwa kwa namba, moja ni hapana kabisa, saba ni ndiyo kabisa. Uzipeleke kule kijijini Mudaka. Lakini kila mutu ajibu peke yake, bila jamaa kusikia. Bila hivyo kazi yangu haina maana.

Binti yako,
Aimée

Bukavu, 29 Machi

Mutoto wangu,

Tuko wazima, ila mugongo haujapona. Picha za karatasi zote nilikutumia.

Mudaka walicheka: kwa nini bwana na bibi wajibu mbali mbali? Nilikaza, sababu ya wewe. Euphrasie, mujane wa watoto watatu, alijibia nyuma ya chapelle, ile kanisa ndogo ya kijiji. Kwenye "Mambo yangu naamua mimi mwenyewe" aliandika saba.

Shemeji yake Bruno, ndugu ya marehemu bwana yake, anayetaka kumurithi awe bibi yake, alimuuliza alijibu nini kule kwa siri. Hakumudanganya. Bruno akatupa vitu vyake inje, watoto akawabakiza: ni wa ukoo, alisema. Sasa Euphrasie anakaa kwetu, hata chakula kinamushinda. Ameniomba neno moja tu: "Papa, Aimée anirudishie jibu langu. Niandike moja."

Papa yako,
Théodore

Liège, 6 Aprili

Papa,

Pole kwenu wote, pole zaidi kwa Euphrasie. Majibu nilikuwa nimekwisha kuyaingiza. Nilimuomba professeur tutoe lake. Akakataa, akasema hilo ndilo jibu safi tulilokuwa tunatafuta. Nikaliacha ndani ya hesabu, papa. Ninaona haya kukuandikia hivi. Nimeandikia shirika moja la wanawake pale Bukavu. Avumilie kidogo.

Aimée

Bukavu, 3 Mei

Aimée mutoto wangu,

Maman anakusalimia. Ofisi ya lile shirika imefungwa tangu vita ifike.

Jumamosi iliyopita Euphrasie alirudi Mudaka, nikamusindikiza. Alipiga magoti mbele ya Bruno na wazee wa jamaa, akasema amekubali yote. Usinitumie karatasi zingine. Wakati tuliingia kwenye kiwanja, mutoto wake wa mwisho alianza kumukimbilia, akasimama katikati, akamutazama kwanza Bruno.

Papa yako