Kivuli Kwenye Picha ya Sona

Jumanne, Mtoni

Lilikuwa gogo. Gogo tu, limenasa kwenye wavu chakavu. Tangu mchana najiambia hivyo.

Asubuhi lilipotokea kwenye picha ya sona, mashine yetu inayoonyesha vilivyo chini ya maji kwa mwangwi wa sauti, nilimwita mpiga mbizi. Lilikuwa umbo refu chini ya maji, na kivuli chake kama cha mtu aliyelala ubavu. Na tunayemtafuta ni Shabani, mtoto wa jirani yangu, ambaye tangu Jumapili alipoaga kwamba anakwenda kuogelea hajarudi.

"Sista, una uhakika ni mtu?" mpiga mbizi wa kikosi chetu cha uokoaji aliniuliza.

"Sina. Ila siwezi kusema siyo."

Akazama. Nilikodolea maji macho mpaka alipoibuka akipiga kelele, "Ni gogo!"

Hofu haijaniisha. Shabani bado hajaonekana, ingawa kuna anayeapa alimwona jana Ubungo. Mungu ajalie iwe kweli, maana kesho narudi tena kwenye zile picha na naogopa nitakachokiona.

Jioni nilikwenda kumweleza mama yake Shabani kwamba lilikuwa gogo tu. Alinishika mikono yote miwili, akasema alhamdulillah, kisha akawageukia majirani waliokuwa wanafunga turubai uani.

"Fungueni hilo. Hapa hakuna msiba."