Somo la Elektroni na Habari za Mama Mdogo

Kigali, mwishoni mwa 1994

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unakuacha ulale? Na kifua cha Baba kikoje na mvua hizi za Karagwe? Mimi mwili ni mzima. Yaliyobaki naomba uyasome ukiwa umekaa, na Baba awe karibu.

Shule imefunguliwa, nimepewa kufundisha kemia. Madirisha hayana vioo na maabara haina hata chupa. Wanafunzi wamezoea Kifaransa, mimi nilisoma kwa Kiingereza, basi tunaelewana kwa Kiswahili na Kinyarwanda ulichonifundisha wewe.

Juzi nilifundisha jinsi atomu zinavyoungana kwa kushirikiana elektroni. Niligawa maharage, kila mtu harage moja, nikawaambia wao ni atomu za haidrojeni. Kila moja ina elektroni moja, na inahitaji mbili ili itulie. Haimpi mwenzake elektroni yake, wala haimnyang'anyi. Wawili wanaweka maharage yao katikati ya dawati, na kila mmoja anayahesabu yote mawili kuwa yake. Atomu zote mbili zinavuta elektroni zilezile, ndiyo maana haziachani.

Walicheka kidogo, Mama. Sikuwa nimewasikia wakicheka tangu nifike. Ndipo nikamwona msichana wa dawati la nyuma, Vestine, amefumba harage lake mkononi.

"Weka katikati," nikamwambia.

"Mwalimu, mimi iko peke yangu. Ule alikuwa anakaa hapa, walimuua."

Nikaketi kwenye nafasi ile, nikaweka harage langu. Naye akaweka lake. Kisha akauliza, "Na kama moja inaondoka, ingine inabaki na nini?"

"Inabaki na elektroni yake moja," nikamjibu, "na haitulii mpaka ipate nyingine ya kushirikiana nayo." Kemia inasema hivyo.

Baada ya kipindi nikamuuliza kwao ni wapi. Akasema Gahanga. Tangu nije nimemtafuta mama mdogo huko bila kupata wa kunionyesha nyumba. Nikamtajia jina.

"Konsolata, ule alikuwa anashona?" akauliza, kisha akainamisha kichwa. "Nyumba yake najua."

Jumamosi tulikwenda. Zimebaki kuta tu. Jirani mmoja, mama mtu mzima, akatupeleka pembeni mwa shamba la mtama alipomzika mama mdogo pamoja na watoto wake. Alisema aliwafunika vitenge ambavyo mama mdogo alikuwa bado hajamaliza kuvishona.

Mama, mdogo wako hayupo tena. Nisamehe kukuambia kwa karatasi. Sikutaka uyasikie kwa mpita njia. Nililia mpaka nikakaa chini. Vestine alinishika mkono, yeye hakulia. Wakati wa kurudi tulipita kwao pia. Hakukuwa na mtu wa kumpigia hodi.

Sasa anakaa kwangu. Kitanda ni kimoja, tunabanana. Akiota vibaya namwamsha, nami nikiota vibaya ananiamsha.

Mpe pole Baba kwa shemeji yake. Msalimie kaka yangu mkubwa na mke wake, na bibi mzaa baba umwambie taratibu, kwa sababu ya moyo wake. Vestine naye anakusalimu. Ameniuliza akuiteje. Nimemwambia nitakuuliza wewe.

Mwanao,
Speransia