Mlangoni pa Koloseo

Bellevue, Johannesburg
14 Machi 2000

Mama mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ni uchovu tu. Mchana nasuka nywele Yeoville, jioni namwogesha Mama Célestine, yule mjane Mkongo wa parokia yetu, na nikirudi mjukuu wako Emmy ananingoja nimsaidie masomo kwa Kiingereza ambacho yeye mwenyewe ananisahihisha. Magoti yako je? Dawa ya kuchua niliyotuma ilifika?

Barua yako imenifanya nikae chini. Kumbe jimbo linawapeleka makatekista wastaafu Roma kwa Mwaka wa Jubilei, na wewe umo! Sasa sikia. Watoto wa Mama Célestine walioko Brussels wanampeleka naye Roma mwezi huo huo wa Septemba, pamoja na wasaidizi wawili, mmoja wa kusukuma kiti chake cha magurudumu na mwingine wa kumhudumia. Wa kumhudumia ni mimi. Nimelinganisha ratiba yenu na yetu. Sisi tunafika jioni, ninyi mnaondoka kesho yake mchana kwenda Asizi. Tunayo asubuhi moja tu.

Mwaka 1994 uliapa hutakanyaga nyumba ya mwanamume aliyemchukua binti yako bila kuja kujitambulisha. Nilikuelewa, ila tangu siku hiyo sijakuona. Mama, Roma si kwake wala si kwangu, kwa hiyo kiapo chako hakiguswi.

Nimepita ofisi moja ya safari Randburg, wamenipa kijitabu cha ziara za Koloseo, lile jengo la kale la Warumi. Ziko tatu. Ya kwanza ni ya watu wachache, mnapanda ngazi hadi juu na mwongozaji anajibu kila swali. Ya pili ni ya watu wengi, mnazunguka chini tu, mwongozaji yuko mbele ameinua mwavuli ili msimpoteze. Ya tatu ni basi, mnalizunguka kwa nje na kulitazama dirishani. Chagua wewe, maana magoti ni yako.

Mwanao,
Beatha

*

Bukoba
10 Aprili 2000

Mwanangu Beatha,

Marahaba, na Milele amina. Dawa ilifika, shangazi yako akaimaliza kwa mgongo wake ambao siku zote unauma zaidi ya miguu ya wengine. Mimi nipo, nalala mapema, naamka nimechoka vile vile.

Basi silitaki. Nimewafundisha watoto habari za wafia dini tangu hujazaliwa, leo nipite nje kama ninayewahi sokoni? Nataka kuingia. Chukua ile ya watu wachache. Nitapanda polepole, utanishika mkono, na nitakusikia vizuri, kwa sababu masikio nayo yameanza kunikimbia. Mwanangu, hata tusipooneshwa kitu humo ndani, mimi nataka kukuona. Padre Wilbroad amekubali kunishusha pale asubuhi, basi litapita kunichukua kabla ya mchana.

Lakini hukuniambia anayesukuma kiti ni nani. Nilikuzaa mimi, najua unavyoruka jambo.

Mama yako,
Evarista

*

Bellevue
6 Mei 2000

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku baridi imeanza, na chumba chetu hakina jua. Natumaini huko mvua zinawaacha mlale.

Anayesukuma kiti ni mume wangu, Mzwandile. Mama Célestine ni mzito, sikuweza kupata mwingine mwenye mikono ya kumnyanyua. Amepewa likizo kule Sandton anakolinda benki. Mama, usikasirike kwanza. Tulipoondoka Morogoro wakati wakimbizi wa kwao Afrika Kusini wanarudi, alikuwa na nia kabisa ya kuja Bukoba. Tukafika hapa, kazi hakuna, wazee wake wamekufa akiwa uhamishoni, hana hata mjomba wa kumtanguliza. Kila mwaka anasema mwakani. Sasa ana aibu kuliko nia, na mimi katikati yenu nimechoka. Nilifikiri labda Roma atapata nafasi ya kukuangukia.

Mwanao,
Beatha

*

Bukoba
1 Juni 2000

Mwanangu Beatha,

Salamu nyingi. Afya yangu ni ile ile, usiulize sana.

Mtu hajitambulishi barabarani mbele ya Wazungu wenye kamera. Mshenga yuko wapi? Nani amemtuma? Maadamu hajaja nyumbani, kwangu yeye ni mkwe asiye na mlango, na mkwe wa namna hiyo heshima yake ni kali zaidi. Asinipe mkono. Nisipokee kitu mkononi mwake. Tusitazamane usoni. Sikutunga mimi, ndivyo mama yangu alivyoishi na baba yako mpaka mbuzi wa mwisho wa mahari alipoingia uani.

Kwa hiyo ile ya kwanza ifute. Watu wachache, ngazi nyembamba, mimi mbele nakokota goti na yeye nyuma yangu? Mungu apishe mbali! Chukua ya pili. Nitatembea mbele na mwenye mwavuli, yeye abaki mkiani na kiti chake. Uliza pia kama mlango wa kuingilia ni mpana.

Sisemi asije. Nasema nije nikuone wewe.

Mama yako,
Evarista

*

Bellevue
8 Julai 2000

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimeuliza. Dada wa ofisini Randburg alicheka mpaka akavua miwani, anasema hajawahi kuulizwa upana wa mlango. Milango ni mingi na mipana, mkokoteni unapita. Nimechukua ya pili.

Tiketi tutapewa sisi hukohuko, kwa hiyo ningoje mlangoni penye kibao cha vikundi, ukae kivulini. Mzwandile nimemweleza yote. Kwao pia wana heshima kama hiyo, wanaiita hlonipha, ila kwao mzigo mkubwa humwangukia mke. Amesikiliza mpaka mwisho akasema, "Eish, huyu mama anatisha kuliko jeshi la makaburu." Akauliza kama unapenda maji ya baridi au ya kawaida.

Mama, nikikuona sijui nitalia au nitalala hapo hapo kifuani pako. Nahisi nitalala.

Mwanao,
Beatha

*

Bellevue
3 Oktoba 2000

Mama,

Shikamoo. Safari ya kurudi iliendaje? Nauliza kwa sababu ndivyo barua inavyoanza.

Asubuhi ile Mama Célestine alizidiwa na presha hotelini. Daktari akaitwa, nisingeweza kumwacha. Nikamtuma Mzwandile atangulie na tiketi ili ukifika usidhani tumekutupa, nami nikaja mbio mara tu mgonjwa alipotulia. Nilipofika mlangoni, jua lilikuwa utosini. Nilimkuta mume wangu amesimama peke yake, uso ukutani, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Watu walikuwa wanampiga picha.

Anasema alimwona mama mmoja wa kanga na rozari, akajua ni wewe. Anasema aliweka tiketi yako chini juu ya jiwe, akaibana kwa chupa ya maji, akaenda pembeni akageuka ili uichukue bila kuipokea mkononi mwake. Hakugeuka tena, asije akakutazama kwa bahati mbaya. Tiketi niliikuta pale pale. Maji hayakuwepo. Kwa hiyo ama ulikuwa wewe, ama Roma ina wezi wa maji.

Ulikuwa pale, mama? Kama ulikuwa pale, mtu mmoja kati yenu hakuweza kumwambia mwenzake, "Yuko wapi Beatha?" Maneno matatu tu! Yeye ana heshima, wewe una heshima. Mimi nina nini? Nilikaa kwenye lile jiwe nikapiga kelele mpaka askari akaja kuniuliza kama nimeibiwa.

Sijaingia ndani. Mzwandile naye hakuingia. Ukiulizwa Koloseo likoje, usiniulize mimi.

Beatha

*

Bellevue
15 Januari 2001

Mama mpendwa,

Shikamoo. Krismasi imepita, hakuna barua. Emmy anauliza kama bibi amekasirika, namwambia posta. Kama unaumwa niambie. Kama ni maneno yangu ya Oktoba, nilikuwa nimechoka, na bado nimechoka, lakini wewe ni mama yangu. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao,
Beatha

*

Bukoba
20 Februari 2001

Mwanangu Beatha,

Marahaba, marahaba. Sikuumwa. Barua yako ya Oktoba niliisoma, nikaiweka, na kila nikishika kalamu nilikosa pa kuanzia. Sasa nimechoka kukosa, naanza popote.

Nilikuwa pale. Padre alinishusha mapema. Nilimjua kwa ile picha yenu, ingawa amekonda. Naye alinijua. Nilipomwona tu kanga ilishapanda kichwani na miguu ilishanipeleka nyuma ya nguzo kabla sijafikiri lolote. Akafanya kama alivyokwambia. Aliweka vitu chini polepole, kwa mikono miwili, bila kuinua macho. Baba yako hakuwahi kuniwekea kitu chini namna ile.

Maji nilikunywa. Tiketi niliiacha, kwa sababu ningeingiaje bila wewe? Mwenye mwavuli akaita watu, wakaingia, wakaisha. Nikasema Beatha atakuja sasa hivi. Jua likamfikia pale ukutani, mimi nikiwa kivulini. Nilitaka kumwambia asogee. Nilifungua mdomo, Beatha, nakuapia, nikaufunga. Nilitaka kumuuliza uko wapi, nikaufunga tena. Basi likaja, likapiga honi, Padre akanipandisha. Hatukwenda mbali, kwenye taa za barabarani nikageuka dirishani, nikaona kitenge chako cha kijani kinakimbia. Nikagonga kioo. Dereva Mtaliano akadhani nalisifu lile jengo, akaninyooshea kidole gumba akitabasamu.

Asizi sikuiona, macho yalikuwa yamejaa. Nimesali kwa miezi yote hii na jibu ni moja tu. Mtu aliyesimama juani asubuhi nzima kwa ajili yangu, bila kujua kama namwona, huyo amekwisha kujitambulisha. Mbuzi na mshenga nawasamehe. Nimewaambia wajomba zako, wamenuna, watapoa.

Nakuja Pasaka, kwa basi, hata kama magoti yatafika siku ya pili yake. Najua mna chumba kimoja na pazia. Nitalala upande wowote. Mguu wangu unakanyaga nyumba yenu, na kile kiapo nimeshakiungama kwa Padre Wilbroad.

Mimi mkwe wangu namjua mgongo tu. Mwambie nikifika ageuke.

Mama yako,
Evarista