Fundi Mmoja wa Ihumwa

Ihumwa, Dodoma.
9 Oktoba 2024.

Mpendwa Kaka Ludovick,

Shikamoo. Natumaini huko Leipzig mnaamka salama, wewe na wifi na watoto, na baridi haijaanza kuwatesa. Sisi tupo, ila siwezi kuandika kwamba hatujambo. Kisukari kimemmaliza Mama macho yote mawili, na sasa anakunywa uji tu, tena kwa kubembelezwa.

Mvua bado. Vumbi la huku unalijua.

Nilikwambia kwenye simu habari za Gerson, mwanafunzi wa chuo aliyemwandikia Mama ukurasa kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, kama mbunifu wa mavazi ya filamu. Alikuja nyumbani mara tatu. Mama alimsimulia alivyozifukia kaniki mpya zizini kule Haneti wiki nzima, ili waigizaji wa ile filamu ya njaa wasionekane wametoka dukani. Sijamwona akicheka vile tangu apofuke. Akawa ananiuliza kila asubuhi kama bado yumo.

Hayumo tena. Wahariri wa kamusi, watu wa kujitolea tusiowajua, walijadiliana siku saba kama anastahili, wakaufuta ukurasa. Mmoja aliandika kwamba fundi cherehani si mbunifu, nikakasirika sana. Wengine walikuwa waungwana, walitaka tu gazeti au kitabu kinachomtaja. Filamu yenyewe mwishoni inamshukuru "Mama Ludo", maana nani aliwahi kumwita Dorkasi?

Gazeti lililopatikana ni moja, lenye makala yako ya mwaka 2009. Gerson aliifurahia sana kabla hajaisoma. Umeyasifu mavazi aya nzima, halafu ukaandika kwamba yalishonwa na "fundi mmoja wa Ihumwa". Najua uliogopa kusemwa kwamba unampigia debe mama yako. Wahariri wakauliza fundi yupi, tukakosa la kuwaonyesha. Hata ukiandika leo haitasaidia, maneno ya mtoto wake hawayapokei.

Kumbe Mama, ambaye hata alipokuwa akiona hakujua kusoma, hakuwahi kusomewa makala hiyo. Miaka yote ametangaza kanisani kwamba yumo gazetini, na mwanawe ndiye aliyemwandika. Juzi akaniomba nimsomee. Nikasoma. Akasema, "Soma tena, umeruka mahali." Nikasoma tena, polepole. Akauliza kama kweli ni wewe uliyeandika, nikamwambia ni wewe. Akageukia ukutani.

Nimekukasirikia, Kaka, nisikufiche. Piga simu. Mambo ya kamusi yaache, mwombe radhi tu, na umwombe mapema.

Baba mdogo Castory anakusalimu. Shangazi Evarista anawasalimu watoto na kuwaombea. Mungu awatunze huko ugenini na awarudishe mkiwa wazima.

Mama hakutoa salamu. Nilimuuliza mara mbili.

Mdogo wako, akupendaye hata hivyo,
Lea