Kichwa cha Baba Mkwe

Ndugu yangu, nimekwisha. Nimemharibia baba mkwe kichwa.

Usicheke! Nilikuwa namnyoa hapa saluni kwangu, yeye anamsifu yule kocha wa timu yao ya mpira. Eti wametoka mkiani mwa ligi, mwaka huu ni ubingwa tu.

Nikamwambia ubingwa gani, na basi lenyewe la timu ni la kukodi? Tena kocha anaacha katikati wazi! Nikamwonyesha kwa mashine: “Hapa, baba. Hapa!”

Mashine ilikuwa inanguruma. Nimechora barabara kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Hadi kisogoni, ndugu yangu!

Mzee akajitazama kwenye kioo, akapapasa.

“Kocha wetu aliikuta timu hivihivi na hakukimbia,” akasema. “Nyoa zote, tuanze upya.”