Karatasi Niliyomsomea Mama

Mshauri mpendwa, kabla sijaomba msaada wowote nakiri kwanza, kwa sababu jambo hili sijamwambia mtu, si rafiki yangu wa dawati moja, si mama mdogo, hata kwenye shajara yangu sijaliandika: nilimsomea mama yangu barua ya hospitali nikageuza maneno.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita na mama yangu ni fundi cherehani, chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kiwanda chake, kuna cherehani mbili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni na kigoda ambacho wateja wanasimama juu yake akiwapimia pindo, na mimi nikitoka shule kazi yangu ni kuandika vipimo kwenye daftari, kifua, kiuno, nyonga, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na kwa sababu anayeandika halazimiki kuongea, maana mimi ni mwoga wa watu, mteja akinisalimia tu masikio yanawaka moto. Mama Kiswahili anakisoma vizuri, lakini lugha ya pili, ile tunayofundishiwa shuleni, haijui, kwa hiyo karatasi zote za nyumba hii, za umeme, za shule, za dawa, nazisoma mimi halafu namwambia zinasema nini, na ndiyo maana ananiita Profesa.

Sasa miezi miwili iliyopita mama aliamua kujishonea gauni la kuvaa kwenye mahafali yangu, yeye ambaye anawashonea watu wote na mwenyewe anavaa vya zamani, akanipa futi ya kupimia nimpime, na nilipoizungusha kifuani kidole changu kikagusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kama kifungo kilichoshonewa kwa ndani, nikasema mama hii nini, akasema, "Andika namba, Profesa, usinitekenye." Kumbe alikuwa anakijua tangu mwaka uanze! Nilimsumbua wiki tatu nzima, nikagoma kuandika vipimo vya wateja, mpaka akaenda akapigwa picha, na Ijumaa ya tarehe nne mwezi huu akarudi na bahasha.

Siku hiyo chumba kilikuwa na watu. Jirani yetu tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki, alikuwa juu ya kigoda na gauni nusu, baba mmoja amekaa mlangoni anasubiri suruali yake, mama amepiga magoti anabana pindo la Redio na pini nne mdomoni, akanisukumia bahasha kwa kiwiko.

"Haya mkalimani, tusomee taarifa ya habari," Redio akasema.

Nikafungua. Imeandikwa kuna uvimbe kwenye titi la kushoto, kingo zake hazijanyooka, kwa picha peke yake haiwezekani kujua kama ni kansa au siyo, kwa hiyo arudi Alhamisi ya tarehe kumi na saba, saa mbili asubuhi, achukuliwe kinyama kidogo kwa sindano kikapimwe. Nilielewa kila neno, mshauri, tumeyasoma kwenye biolojia na nilipata alama zote, lakini kwa lugha ya shule lile lilikuwa somo, na nilipoligeuza kichwani kwa lugha ya nyumbani likawa titi la mama yangu, na Redio ananikodolea macho, na yule baba wa suruali yuko pale, na mimi neno hilo sijawahi kulitamka mbele ya mwanaume, nikajisikia nasema, "Wanasema ni tezi tu. Itaisha yenyewe."

Mama akatema pini kiganjani ili apate kucheka. Redio akapiga makofi, "Si nilisema! Si nilisema mimi!" wakati hakuwahi kusema chochote. Nikajiambia watu wakiondoka nitamweleza, lakini walipoondoka mama alikuwa anaimba, na mama yangu haimbi, nikasema kesho, na kesho nikasema kesho, bahasha nimeiweka ndani ya kitabu cha biolojia, na kila nikitaka kusoma inaniangukia mapajani.

Kisha jana akaja mwalimu wa chekechea kushonewa blauzi, mama alipokuwa anampima akamnong'oneza kwamba naye kuna kitu anakisikia karibu na kwapa, na mama akamgonga begani, "Achana nacho, hata mimi ninacho, hospitali wameniambia tezi tu." Mwalimu akashusha pumzi, nikaandika kipimo cha kifua chake na saba ikatoka kama moja. Yaani uongo wangu sasa unatibu watu.

Alhamisi yenyewe ni ya wiki hii. Nimefikiri nimwambie hospitali wamepiga simu, au kwamba imekuja karatasi nyingine, ili asijue ya kwanza niliigeuza. Akijua, nani atamsomea tena karatasi zake na akaamini? Barua hii nilianza kuiandika kwa lugha ya shule ili mama akiiona asiielewe, nikaichana, nikaanza upya kwa Kiswahili, hata sijui kwa nini. Nitaipiga picha niitume kwenye namba ya gazeti. Nimwambieje?

Nasikia ndara za mama ukumbini. Tangu asubuhi kila nikizisikia nafunika karatasi kwa daftari la vipimo. Zimefika mlangoni. Daftari liko hapa karibu na mkono, na sijalishika

*(Picha tuliyotumiwa ilikuwa na maneno haya chini ya ukurasa, kwa mwandiko mwingine, kwa chaki ya bluu ya fundi:)*

Nimesoma yote. Sikumsomesha lugha mbili ili moja anifichie. Tuma hivi hivi, mwanangu. Na wewe mshauri, mjibu mtoto, mimi nimeshajijibu.

MSHAURI ANAJIBU

Profesa, mwanangu, ulikosea, na nitakwambia hivyo mara moja tu kwa sababu naona umeshajipiga vya kutosha. Karatasi ya hospitali haigeuzwi, hata kwa mapenzi. Siku tisa zimepita mama yako anaimba badala ya kujiandaa. Na ile karatasi nyingine uliyotaka kuitunga? Ulikuwa unataka kuvaa uongo juu ya uongo ili wa ndani usionekane. Futa kabisa.

Lakini unasema hujui kwa nini uliandika kwa Kiswahili. Mimi najua. Uliandika kwa lugha anayoisoma mama yako. Ulikuwa unamwambia tangu mstari wa kwanza.

Wewe mama, umesema nisikujibu. Nakujibu. Uvimbe unaujua tangu mwaka uanze, unaushonea nguo juu yake, halafu unacheka mtoto akiugusa? Binti alificha siku tisa, wewe umeficha miezi. Mmetoka sare, msilaumiane. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini hakuna anayeweza kuutambua kwa kuutazama, kwa kuupapasa, wala kwa kuuombea ukae kimya. Sindano ndiyo itakayosema. Na ikisema ni saratani, ikigunduliwa mapema ina matibabu, na watu wanatibiwa wakarudi kwenye kazi zao.

Gazeti hili linatoka Jumatano, kwa hiyo kesho ndiyo siku. Bandikeni karatasi kwenye mlango kwamba fundi hayupo. Mama mdogo aende nanyi. Mzigo huu ni wa watu wazima, na wewe, Profesa, hutakiwi kuwa mdomo wa daktari. Ombeni nesi amweleze mama mwenyewe, kwa lugha yake, taratibu, na asipoelewa aulize tena hata mara tano. Kazi yako ni ile unayoiweza: chukua daftari, andika kinachosemwa, tarehe ya majibu, jina la kipimo, namba ya simu. Bila kugeuza.

Leo hii, kabla ya jua kuzama, mama aende kwa mwalimu wa chekechea. Asimtume mtoto, aende kwa miguu yake, amwambie, "Nilikudanganya bila kujua, twende wote kesho." Na Redio mpeni habari sahihi, tena mwambieni airudie. Mtu anayesikika mtaa mzima asikae bure.

Bado kuna neno moja lililokushinda siku ile. Kesho karani wa mapokezi atauliza mmekuja kwa shida gani, na benchi litakuwa limejaa, na kina baba watakuwepo. Masikio yawake moto, yaache yawake. Jibu wewe, kwa sauti: "Mama yangu ana uvimbe kwenye titi, tumekuja kupima."

Akisema hajasikia, rudia.